Juu ya Kabati la Shangazi

4 Februari

Mwanangu, mtoto wa kaka yangu,

Salamu zikufikie hapo hapo kwenye kelele za mjini. Sisi wazima, ukiacha goti langu la kushoto ambalo siku hizi limekuwa na mdomo. Mume wangu, Fundi Saa, anakusalimu. Yuko kibarazani na kioo chake jichoni, anatengeneza saa ya mwalimu mkuu kwa wiki ya tatu, na kwa wiki ya tatu mwalimu mkuu anachelewa shule. Mbuzi wamefika kumi na tisa. Yule mweupe amezaa mapacha na sasa ana maringo, hataki kusogelewa.

Usiniulize kwa nini naandika wakati simu ninayo. Simu ukishakasirika unaikata, barua inabidi uimalize. Nilikulea miaka sita wazazi wako walipokuwa kazini mbali, na nadhani jambo pekee lililokuingia kichwani ni kuandika barua yenye kichwa na mkia. Basi usiniangushe.

Sasa jambo lenyewe. Namtaka mwanao Kindi likizo ya Agosti. Ana miaka minne na nimemwona mara mbili tu, zote mbili akiwa amening'inia kwenye pazia lako. Umesema una mafunzo ya wiki tatu ya hayo masefu mapya. Niletee mtoto. Nyumba hii imekuwa kimya mno, tunasikia saa tu.

Ni mimi, mwenye goti moja zima na mbuzi kumi na tisa,
Shangazi

2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, Kindi akasikiliza akiwa juu ya friji. Ndiyo, juu ya friji. Nilimkuta ameketi huko na kopo la sukari kama tajiri. Mwalimu wake wa chekechea ameniambia kwa upole kwamba darasani kuna viti vya kutosha, hakuna haja ya mtoto kukaa dirishani.

Kazi inakwenda. Juzi niliitwa na mzee mmoja muuza vitambaa aliyefungia ufunguo wa sefu ndani ya sefu lenyewe. Akaninong'oneza kama naweza kulifungua mkewe asijue. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

Kuhusu Kindi, asante sana. Ila ana kikohozi. Tutaona.

Msalimie Baba Saa.

Mwanao, fundi wa kufuli

20 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Mbuzi ishirini. Mwalimu mkuu amepata saa yake na bado anachelewa, kumbe kosa halikuwa la saa.

Kikohozi cha Machi kitafikaje Agosti? Kinasafiri kwa miguu? Nilikuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na sita, nimewahoji majangili wenye nyama begani wakiniambia wanatafuta uyoga. Wewe ukiwa na jambo unaandika sentensi fupi. "Tutaona." Tutaona nini? Kama nimekukosea niambie, mimi si jiwe, nitalia kidogo halafu nitapika chai.

Ni mimi, niliyekufungia vifungo vya shati la shule miaka sita,
Shangazi

9 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Hujanikosea. Tuko wazima, kikohozi kimepona, na kusema kweli kilikuwa mafua ya siku mbili.

Swali langu ni moja. Bunduki iko wapi?

Najua una kibali, na najua unaihitaji kwa ajili ya fisi. Lakini ninavyokumbuka inakaa juu ya kabati la nguo chumbani kwenu, kwenye mfuko wa turubai, na risasi ndani. Kama bado iko pale, Kindi haji. Nimelala na neno hili wiki nzima, sikupata namna ya kulilainisha.

Nakupenda. Usikasirike.

Mwanao

15 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika jana na leo naijibu, kwa hiyo ujue nimekasirika. Salamu za familia utazipata siku nyingine.

Unanifundisha mimi bunduki? Mimi niliyeibeba kabla hujaota jino? Kabati lile ni refu, mimi mwenyewe nasimamia vidole. Na nani ajuaye kama kuna kitu juu yake? Fisi hapigi hodi, mama. Fisi anaruka ua, na mimi nanyoosha mkono, nimeshika, nimetoka. Ukiniambia niifungie kwenye hayo masefu yako nitakuwa natafuta ufunguo huku fisi anajisugua meno.

Wewe mwenyewe ulikulia chini ya kabati hilo miaka sita yote, na hata siku moja hukujua kuna nini juu yake mpaka nilipokuonyesha mwenyewe wiki ya kuondoka kwako. Au siyo?

Fundi Saa anasema nisiitume barua hii. Naituma.

Shangazi

6 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mpe pole Baba Saa kwa kuishi na wewe.

Lori la mbao linalopita kwenu litashusha sanduku zito. Hilo ni sefu. Lilikuwa la mteja aliyehama nchi, nimelifumua lote, nimelitia kitasa kipya na vitufe vya namba. Ni zawadi, usilirudishe, nauli ya kulirudisha itakuua.

Lifungwe kwa bolti, mbili ukutani na mbili sakafuni, ndani kabisa ya chumba, lisiwe mkabala na dirisha wala mlango. Bunduki iingie tupu. Fungua chemba, pale risasi inapokaa, tazama kwa macho, halafu tia kidole ukahakikishe, kila mara, hata kama umeitoa sasa hivi. Risasi ziwe chumba kingine kwenye kile kisanduku kidogo nilichofunga pamoja, nacho kina kufuli yake. Ufunguo wa kisanduku uvae shingoni usiku na mchana, kama ulivyokuwa ukivaa filimbi yako ya kazini kabla haijapotea. Namba za sefu mjue wewe na Baba Saa tu. Betri ibadilishwe kabla haijaisha, na ufunguo wa dharura usikae nyumbani. Tafadhali usiuweke chini ya chungu cha maua. Kila mtu ninayemfungulia sefu ana chungu cha maua.

Na fisi nimemfikiria. Tutafanya mazoezi, nitakueleza.

Swali lako la mwisho nimeliona. Leo sina wino wa kulijibu.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu mpendwa,

Hasira zimeisha, zilikuwa nzito kuzibeba na goti hili. Mbuzi ishirini na mbili!

Sefu limefika. Wanaume wanne walilibeba, na wote wanne walitoa amri. Lilikwama mlangoni, Fundi Saa akapendekeza tubomoe mlango, mimi nikapendekeza tumbomoe yeye. Sasa liko kwenye kona ya chumba nyuma ya mlango, bolti nne, hata tembo hang'oi. Bunduki imeingia, tupu, nimetia kidole kama ulivyosema na kidole kimetoka na mafuta. Ule mfuko wa turubai nimeuacha kule kule juu, unanuka ukungu.

Namba tumeweka siku na mwezi aliozaliwa Kindi. Nakuandikia ili nikisahau unikumbushe.

Na Fundi Saa amelipenda sefu lako kupita kiasi! Ameweka humo saa zote za wateja, anasema hajawahi kulala usingizi mtamu hivi. Mteja akija anamwingiza chumbani, anafungua, anamwonyesha saa yake ikiwa imelala pembeni ya bunduki, mteja anatoka na heshima. Ukiweka sikio mlangoni mwa sefu linatoa sauti kama limejaa panzi.

Hiyo filimbi usinikumbushe. Beberu aliyeila alinyweshwa mafuta ya nyonyo siku mbili na hakuitoa.

Ni mimi, mwenye chuma kizito kuliko ng'ombe,
Shangazi

12 Juni

Shangazi!!

Shikamoo. Nimekaa chini ndiyo nakuandikia, maana nilisimama nikapiga kelele, na Kindi akashuka mwenyewe kutoka juu ya mlango kuja kuniuliza nimeumwa na nini.

Namba za sefu huziandiki kwenye barua! Barua imepita mikononi mwa watu sita! Na siku ya kuzaliwa mtoto ndiyo namba ya kwanza ninayobonyeza mimi nikiitwa kufungua sefu la mtu, na mara nyingi huwa sihitaji ya pili. Badilisha leo. Chagua namba isiyomhusu mtu yeyote unayempenda, wala uliyezaliwa naye. Usiniambie. Halafu kila ukishabonyeza, futa vitufe vyote kwa kitambaa, maana mikono yako ina mafuta ya kukamulia, na vitufe vinne vinavyong'aa vinasema siri yote.

Saa zitoke. Zote. Sefu linalofunguliwa mara ishirini kwa siku halijafungwa, lina mlango tu. Na kila mteja aliyeingia humo sasa anajua kitu kilipo. Mwambie Baba Saa nitamtumia kasha lake mwenyewe, lenye velveti nyekundu, akae nalo kibarazani awaringie watu.

Sasa fisi. Kila Jumamosi mchana, bunduki ikiwa tupu, risasi zikiwa zimefungwa kule kule kwao, Baba Saa ashike saa. Wewe uanze kitandani, umelala kabisa. Ufungue, ushike, ufike mlango wa nyuma, halafu urudi, uhakikishe ni tupu, ufunge, uvute mpini kujaribu kama kweli umefunga. Muda unaisha ukishavuta mpini, si ukifika mlangoni. Niandikie ni dakika ngapi.

Mwanao anayekupenda, japo leo kwa shida

27 Juni

Mwanangu,

Umenisema mpaka nikatafuta pa kujificha. Haya, namba mpya imewekwa, sikuambii hata ukinichapa. Fundi Saa aliitaja usingizini, tukaibadilisha tena. Ufunguo wa dharura yuko nao mkunga wa mtaa wa pili, mwanamke aliyezalisha nusu ya wilaya na hajawahi kusema mtoto yupi anafanana na nani. Saa zimetoka. Fundi Saa alizihamisha moja moja kwa huzuni kama anahamisha wagonjwa.

Mazoezi sasa. Jumamosi ya kwanza, dakika nne na nusu. Nilisahau miwani, nikarudi, nikaipata miwani, nikasahau namba. Fundi Saa alicheka mpaka kioo kikamtoka jichoni kikaingia chini ya kitanda, na kukitafuta kukachukua dakika nyingine kumi. Jioni yake tukarudia, dakika moja na nusu. Jumamosi ya pili, sekunde hamsini! Nimegundua miwani ikae kwenye kandambili ya kulia, ndipo mguu unapoikuta. Mkunga anakuja kutazama, analeta kiti chake. Hii ndiyo burudani yetu sasa. Nakuambia ukweli, sijacheka hivi tangu nistaafu.

Kesho naushusha ule mfuko wa turubai niuanike, niutoboe matundu, utafaa kubebea majani ya mbuzi.

Ni mimi, mwanariadha,
Shangazi

14 Julai

Shikamoo Shangazi,

Wiki mbili nzima kimya, na Jumamosi mbili sijaletewa sekunde zake. Unaumwa? Mbuzi wanaumwa? Kindi amechora sefu, amelipa miguu na mkia, ananiuliza kila asubuhi kama limejibu.

Mafunzo yangu yanaanza tarehe nne Agosti. Nahitaji kujua. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao

19 Julai

Mwanangu,

Niliukung'uta mfuko uani, mpaka kile kijimfuko cha ndani nisichokigusa. Zikadondoka gololi nne. Ikadondoka filimbi yangu. Halafu kikadondoka kikaratasi cha daftari kimekunjwa kidogo kidogo, ndani yake jino la utoto, na juu yake umeandika kwa penseli jina lako na neno SIRI.

Jino lile nalikumbuka. Lilitoka ulipokuwa na miaka saba, ulilila pamoja na muhogo, ulisema hivyo, na mimi nikaamini.

Mwaka ule fisi walikuwa wengi. Nilikuwa naiacha bunduki na risasi ndani karibu kila siku.

Nilikaa chini pale pale uani, na mbuzi wakaja kunizunguka. Nimeanza barua tatu, zote nimezichana. Niambie wewe ilikuwaje.

Shangazi

24 Julai

Shikamoo Shangazi wangu,

Nilivuta droo ya chini, kisha ya kati, kisha ya juu, zikawa ngazi. Pale juu ndipo mahali pekee ndani ya nyumba ambapo hakuna aliyefagia, basi nikapafanya benki yangu. Nilipanda kila ulipokwenda kukamua. Filimbi niliichukua kwa sababu ilikuwa yako na nilikuwa naipenda kuliko kitu chochote. Beberu akinyweshwa mafuta nilisimama pale natazama na sikusema neno. Namwomba radhi popote alipo.

Siku moja nilifungua mfuko wote. Niliishika. Nilikivuta kile kidude cha chini, kikalia "ka", basi. Jioni yake nilikuona mezani unairudishia risasi, kumbe asubuhi ulikuwa umezitoa ili uisafishe. Sikupanda tena tangu siku ile, ndiyo maana vitu vyangu vilibaki huko.

Nilikaa na neno hilo miaka yote hii. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utaumia, na ningekuambia mapema ungeitoa pale mapema, kwa hiyo na mimi nina kosa langu. Nadhani ndiyo sababu nimekuwa fundi wa kufuli. Watu wakiniuliza huwa nasema nilipenda chuma.

Usikae chini uani tena, goti litakushinda. Mimi nipo, nina meno yangu yote, na nina mtoto anayening'inia kwenye taa wakati naandika. Ulinifungia vifungo vya shati miaka sita na hukuwahi kukosea hata kimoja.

Tarehe tatu tunafika na basi la asubuhi. Kindi amefunga begi lake mwenyewe, ameweka gundi na kofia mbili.

Mwanao, kabisa kabisa

30 Agosti

Mwanangu, kipenzi changu,

Sisi wazima, na nyumba imerudi kuwa na sauti ya saa tu, nimeichukia. Tangu umchukue Kindi juzi Fundi Saa anajifanya ana vumbi jichoni. Mbuzi ishirini na tatu, na mmoja anaitwa Sefu, si mimi niliyempa jina.

Kulikuwa na mambo ambayo sikukuambia kituoni kwa sababu wewe ulikuwa unalia, mimi nalia, na kondakta ana haraka.

Wiki ya kwanza fisi alikuja, alfajiri, kulipoanza kupambazuka. Kandambili, miwani, namba, sefu, kisanduku, mlango wa nyuma, nikapiga moja hewani. Fundi Saa alikuwa na Kindi kitandani amemziba masikio, na bado mkono mmoja umeshika saa. Mpaka navuta mpini, bunduki tupu ndani na risasi zimehesabiwa na kufungiwa, dakika mbili na sekunde kumi, na mbuzi wote wazima. Kindi aliniuliza kwa nini sikumpigia fisi filimbi tu. Maana nilikuwa nimempa ile filimbi, siku ile ile mliyofika, shingoni mwake inafika kitovuni.

Sefu lenyewe hakulijali. Siku ya kwanza alibonyeza vitufe vyote, likamlilia "pii", akalipiga teke, akaliambia halina adabu, akaenda zake kwa mbuzi.

Sasa sikiliza. Siku mbili kabla hujaja, filimbi ilipotea. Nikamuuliza Kindi, akanitazama machoni, akasema, "Labda mbuzi."

Mwanangu, sikumtazama mbuzi. Nilikwenda chumbani. Droo ya chini ilikuwa wazi, ya kati wazi, ya juu wazi. Nikavuta stuli, Fundi Saa akanishika miguu huku akiniambia nimezeeka, nikapanda. Kwenye vumbi kulikuwa na viganja viwili vidogo, hivi na hivi, mpaka kule nyuma kabisa palipokuwa na ule mfuko. Pale pale, mwanangu, si shibri moja pembeni. Na hapakuwa na bunduki pale. Palikuwa na nusu biskuti, soksi moja, skrubu ya Fundi Saa na filimbi yangu.

Nikashika ukingo wa kabati kwa mikono miwili, Fundi Saa akauliza kama nakufa. Nikamwambia hapana, leo hakuna anayekufa kwenye nyumba hii. Nikalia, halafu nikacheka, halafu sikujua tena nafanya kipi. Kisha nikaichukua filimbi nikaipuliza kwa nguvu zote, juu ya stuli, na goti langu hili. Kindi akaja mbio kutoka zizini, akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaniambia, "Bibi, shuka, utaanguka."

Nimeshuka. Vitu vyake nimeviacha vyote kule juu, na filimbi nimeirudisha, biskuti peke yake nimeitoa kwa ajili ya sisimizi. Likizo ijayo atavikuta.

Ni mimi, mwenye furaha isiyoingia kwenye sefu lolote,
Shangazi